Majibu Niliyomjibia Wifi Yangu

Kama uliwahi kuvaa shati lililopigwa pasi na wifi yangu, basi ujue alikusema. Si kwa ubaya. Hakuweza tu kunyoosha kola ya mtu bila kumweleza mwenye kola. "Huyu," angesema, akiliinua shati kwa mabega kama askari aliyemkamata mwizi, "jasho lake liko upande mmoja. Anabeba mkoba bega la kulia, na ndani ya mkoba hamna kitu. Ni wa kuonekana tu." Kisha anaiga mwendo wa mwenye shati, na sauti yake, na jinsi anavyomwogopa mkewe, na chumba kizima cha pasi kinashika mbavu. Kesho yake mwenye shati anakuja kaunta kuchukua nguo, mkoba uko bega la kulia, nami namkabidhi nguo zake huku nauma midomo nisimchekee usoni.

Tulimwita Kasuku, na jina likamganda. Pale dobi tulikuwa wanane: sita kwenye meza za pasi chumba cha nyuma, mmoja kwenye mashine za kufulia, na mimi kaunta, kwa sababu nina mdomo wa kubishana na wateja wanaoapa kwamba suruali ilikuja bila doa. Mwenye dobi tulimwita Bwana Wanga, maana alitembea kama shati lililotiwa wanga kupita kiasi; ukimwita kutoka pembeni shingo haikugeuka, aligeuka mwili mzima kama kabati. Chumba cha pasi hakikuwa na dirisha la maana. Kulikuwa na mvuke, harufu ya kitambaa kilichopata moto, na meza ambazo urefu wake ulipimwa na mtu asiyewahi kushika pasi maishani mwake, kwa hiyo jioni kila mtu alitoka ameshika kiuno. Humo Kasuku alisimama saa kumi kwa siku, na kwa saa hizo kumi hakufunga mdomo.

Mimi ndiye niliyemwozesha, kwa hiyo lawama zianzie kwangu. Mdogo wangu wa kiume ni fundi bomba. Siku moja aliitwa kuziba bomba la mvuke, akaingia chini ya meza, na Kasuku akaanza kuiga sauti zinazotoka kwa fundi aliye chini ya meza: kuguna, kuomba spana, kumlaani fundi aliyetangulia. Mtu mwenye akili angekasirika. Mdogo wangu alirudi kesho yake kutengeneza bomba ambalo halikuharibika. Baada ya miezi mitatu nikamwambia mama, "Kuna msichana kule kazini. Hana mali, hana ukoo, ila ana mdomo." Mama akasema midomo nyumbani kwetu inatosha. Tukaoa hivyo hivyo.

Kwamba hana ukoo haikuwa masihara. Mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya, baba hakuwahi kujitambulisha, na mtoto akaanza kuzungushwa kama sufuria ya kuazima: kwa mama mkubwa miaka mitatu, kwa mjomba miwili, kwa binamu wa mama, kisha kwa rafiki wa binamu ambaye mpaka leo hajui alikuwa nani wake. Nyumba nne kabla hajatimiza miaka kumi na minne. Aliniambia siku moja, akicheka, kwamba alijifunza mapema namna ya kukaa kwa watu: mtoto wa kulelewa akinung'unika anaonekana mzigo, akichekesha wanasahau kumfukuza. Nami nikacheka. Ndivyo nilivyo. Mtu akinipa jambo la kulia na mzaha juu yake, mimi nachukua mzaha naliacha jambo.

Mtoto wake wa kwanza alizaliwa mimba ikiwa ya miezi minane, amekwisha kufa. Nyumbani tukafanya tulichodhani ni huruma. Mama alizikusanya nguo zote za mtoto, zikaondoka kabla Kasuku hajarudi kutoka wodini, na amri ikatolewa kwamba habari ile isitajwe tena ndani ya nyumba. Watu walimwambia, "Wewe bado kijana, utapata mwingine," kana kwamba alikuwa amedondosha sahani. Baada ya wiki tatu alirejea kwenye meza ya pasi, na siku ya kwanza tu akamwiga daktari aliyemwambia ajikaze, miwani ikimteleza puani. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Tukasema, huyu mwanamke ni chuma.

Mimba ya pili iliingia mwaka uliofuata, na ilipofika mwezi wa nne Kasuku akanyamaza.

Hakugombana na mtu, hakununa. Alinyamaza tu. Kwa mara ya kwanza tukazisikia pasi zenyewe zikifanya kazi. Alichukua shati, akalinyoosha, akalikunja, akachukua lingine. Tukimtania alitabasamu kwa midomo, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Bwana Wanga alifurahi mno, maana mashati yalitoka mengi kuliko zamani, akasimama katikati ya chumba akasema, "Sasa mama amekua." Nilitamani kumchapa kwa henga ya nguo.

Nyumbani kila mtu alikuwa na maelezo, na maelezo yote yalikuwa ni mimba. Katika familia yetu mimba ni mshtakiwa asiye na wakili. Kasuku akiacha kula, ni mimba. Akilala tangu anaporudi kazini mpaka asubuhi na bado akaamka amechoka, ni mimba. Akimgeuzia mumewe mgongo, mimba imemchukia mume, na mdogo wangu alizunguka mtaani akijitangazia chuki hiyo kwa fahari kidogo, kwa kuwa wenzake walimwambia ni dalili ya mtoto wa kiume. Mama alisema naam, mtoto wa kiume humfunga mamake mdomo. Shangazi aliyepita kutusalimia akasema thubutu, machozi yote haya ni ya mtoto wa kike. Wakabishana nusu saa nzima, Kasuku ameketi katikati yao, machozi yenyewe yanamtiririka, na hakuna aliyemuuliza analia nini. Mimi niliunga mkono upande wa mtoto wa kike.

Siku moja ya mapumziko niliingia chumbani kwao asubuhi kumwita tuende sokoni. Nilimkuta kwenye ukingo wa kitanda, kiatu kimoja mguuni, kingine mbele yake sakafuni. Nikatoka, nikafua, nikaanika, nikarudi. Alikuwa pale pale.

"Wifi, hicho kiatu kinakuuma au kina deni lako?" nikamuuliza.

Alikitazama kana kwamba kiko ng'ambo ya mto. "Navaa," alisema. Hakuvaa. Nilipiga magoti nikamvisha mwenyewe, na wakati nikiwa chini niligundua kwamba chumbani mle hamna hata kipande kimoja cha nguo ya mtoto, na tumbo lile lilikuwa linakaribia mwezi wa saba. Nikajiambia, mimba hiyo.

Kliniki alikuwa ameikosa mara mbili. Mama akaamuru nimsindikize. Kwa mama, mke wa mtoto wake haendi mahali pa maana bila wifi yake. Anasema ni heshima. Ni upelelezi pia, maana nikirudi hunikalisha jikoni nimweleze neno kwa neno.

Nesi tuliyemkuta alikuwa mwanamke mnene mwenye kalamu mbili nywelani na ya tatu mkononi, na kwenye benchi nyuma yetu kulikuwa na matumbo yasiyohesabika. Akampima Kasuku uzito, akakunja uso. Akampima presha. Kisha akavuta karatasi yenye maswali.

"Haya ni ya hali ya moyo," alisema. "Nataka wiki hii iliyopita tu, na hakuna jibu la kosa. Bado unacheka kama zamani?"

"Huyu?" nikadakia. "Dada, huyu ukimpa dakika tano utaomba maji."

Nesi akaandika. "Unapata usingizi?"

"Wa pono."

"Unajilaumu kwa mambo yasiyo makosa yako?"

"Ajilaumu kwa lipi? Mume anaye, kazi anayo, na chumba kinavuja kona moja tu."

Nesi akacheka. Mwanamke wa kwanza kwenye benchi naye akacheka, na mimi nikishapata watu wa kunichekea huwa sijizuii. Nilipoulizwa kama wifi yangu analia, nilisema mjamzito asiyelia ana kasoro, na kwamba mimi nikiwa na wangu nililia kwa sababu kitasa kilikuwa kigumu. Benchi zima likacheka. Mwishoni nesi alishusha sauti. "Umewahi kuwaza kujidhuru?"

"Mungu apishe mbali!" nikasema, nikagonga meza yake. "Kwetu hakuna mambo hayo."

Kasuku hakufungua mdomo tangu mwanzo mpaka mwisho. Alikuwa anatazama kidole gumba cha mguu wake. Nesi alijumlisha, akapata sifuri, akagonga muhuri, akaita anayefuata. Nilirudi nyumbani nikamsimulia mama, na mama akanisifu.

Sasa nikuulize wewe. Ni mwanamke gani atakayemwambia nesi kwamba maisha yamemshinda, na dada wa mumewe yuko pale goti kwa goti, na anajua fika kwamba kabla chai haijachemka habari itakuwa imefika kwa mama mkwe? Mwenye mama angekwenda na mama yake. Huyu wangu hakuwa na mtu wa kwenda naye isipokuwa sisi, na sisi ndio aliokuwa anajaribu tusimfukuze. Sikuliwaza hilo hata kidogo. Nilikuwa nachekesha.

Siku tatu baadaye, saa ya kula mchana, Kasuku alikuja na sahani yake akakaa karibu nami. Alikuwa hajazungumza sentensi nzima kwa wiki kadhaa.

"Wifi, yule mtu uliyemweleza nesi nimempenda sana," alisema.

"Mtu gani?"

"Yule anayecheka, hajilaumu, analala usingizi wa pono. Ningefurahi kukutana naye."

Niliruka juu. "Kasuku amerudi!" nikapiga kelele, nikairudia kauli yake kwa chumba kizima, wakapiga makofi, mmoja akapiga vigelegele. Yeye alisubiri makofi yaishe. Watu walipogeukia sahani zao, alisema polepole, bila tabasamu hata la kitambulisho:

"Nikifa kwenye uzazi huu, mtoto mchukue wewe. Usimpe mtu mwingine. Asizungushwe. Niahidi."

"Nani kakwambia utakufa?"

"Niahidi, wifi."

"Haya, nimekuahidi. Lakini nani kakwambia?"

"Na hata nisipokufa kwenye uzazi," alisema, akaishia hapo. Akainuka, akaenda kuchukua shati.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Niliusema msemo huo mara elfu kumchokoza mtu aliyenuna, na sikuwahi kuujua mpaka mchana ule. Nikakaa juu ya rundo la shuka za nyumba ya wageni, safi, zilizokwisha kukunjwa, na Bwana Wanga akaja kunifokea, nikamjibu maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa kwa sababu huenda yupo mtu anayeniheshimu. Kisha nikahamisha kiti changu cha kaunta mpaka kwenye meza ya Kasuku, na siku hiyo wateja walijihudumia.

Jioni nilimwita mama na mdogo wangu jikoni. Nikawaambia Kasuku anaumwa, tena sana, na kwamba hatakiwi kuachwa peke yake.

"Ni mimba tu," mama akaanza.

"Mama, ukitaja mimba tena nahama."

"Utahamia wapi? Wewe uliyezaa mara moja ukaachika mara mbili ndiye unayenifundisha uzazi? Mnataka watu waseme tumeoa kichaa?"

"Watasema nini tukimzika?"

Hapo mama akashika kingo za meza. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wake wa vifaa, hata hajautua. "Mimi nilidhani ananichukia," alisema. "Nikaona nimwache apoe." Akautua mfuko. "Mwezi uliopita aliniuliza kama yule mtoto wetu alikuwa na nywele. Yeye hawakumwonyesha. Nikamwambia mama kasema tusiyazungumze hayo."

Mama aliinuka akaenda kuosha kikombe kilichokuwa safi.

Asubuhi yake tulikuwa kliniki kabla ya mfagizi. Nesi alipofika tu nikasimama mbele yake. "Dada, ile karatasi ya wifi yangu ichane. Majibu yote yalikuwa yangu."

Aliitafuta, akaitazama. "Nilijua," alisema. "Sifuri sijawahi kuiona hata kwa mwenye ghorofa."

"Ulijua, na ukagonga muhuri?"

"Nje kulikuwa na watu arobaini. Halafu ulikuwa unachekesha."

Tukatazamana, wanawake wawili wazima wenye hatia, mmoja na kalamu tatu. Kisha akamgeukia Kasuku. "Mama, mficha uchi hazai. Lakini na anayefichiwa uchi na wifi yake naye hazai. Wewe karibu ukae. Wewe mwingine, toka nje."

Mimi kutolewa nje! Nilikaa kwenye benchi la korido, mbele ya bango la kunawa mikono, nikalisoma mara kumi na moja. Sijawahi kunyamaza kwa muda mrefu namna ile isipokuwa siku niliyong'olewa jino. Kisha nikamsikia Kasuku analia, si yale machozi ya kutiririka tuliyokuwa tukiyabishania, bali kilio cha msibani, kilio cha mtu ambaye msiba wake ulikuwa haujaliliwa. Foleni nzima iligeuza shingo. Nikainuka niingie, maana nilijua kabisa alichotaka kusema na namna bora ya kukisema. Nikafika mpaka kwenye kitasa. Nikarudi nikakalia mikono yangu.

Nesi alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Hakuniambia Kasuku alisema nini. "Hayo ni yake," alisema. Aliniambia tu kwamba ni ugonjwa, si jeuri wala uvivu wala mimba, na kwamba una tiba. Kwamba atamwona mshauri kila Jumatano, na daktari ataangalia kama anahitaji dawa. Kwamba kwa sasa awepo mtu naye saa zote. Na kwamba mume aje. Kisha akanihoji mimi. Alikulia kwa nani? Anasimama saa ngapi kwa siku? Anakula na nani? Mtoto wa kwanza alizikwa wapi, na mama yake alipelekwa kuona? Nikajibu, safari hii kwa ufupi, na nilipofika nyumbani ndipo nikagundua kwamba katika maswali yote yale hakuna hata moja lililohusu tumbo.

Basi tukaanza. Mdogo wangu alikwenda Jumatano ya kwanza, akakaa mbele ya mshauri magoti yamebanana kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini, akarudi na kazi ya kufanya: amsikilize mkewe nusu saa kila siku bila kutengeneza kitu. Kwa fundi, hiyo ni adhabu. Aliitumikia. Bwana Wanga nilimwambia alete kiti kirefu cha kukalia kwenye pasi na apunguze saa za Kasuku, la sivyo nitawaeleza wateja ni nani huwabadilishia suruali zao zikiungua na pasi. Kiti kilikuja mchana ule ule, chenye mto.

Na mama, ambaye kwake kuomba radhi ni sawa na kung'oa mti na mizizi yake, aliingia chumbani kwa Kasuku siku moja ya mchana, akakaa kitandani. Mimi nilikuwa nje ya mlango, nikipita. Naam, nilikuwa nikipita kwa muda mrefu.

"Alikuwa na nywele," mama alisema. "Nyingi, mpaka kwenye paji la uso. Nilimwosha mimi mwenyewe. Vidole vyake vilikuwa virefu kama vyako."

Walilia pamoja mpaka wote wawili wakapiga chafya.

Nikisema kwamba baada ya hapo alipona nitakuwa mwongo, na nimeshasema uongo wa kutosha kwenye kliniki ile. Alikuwa na siku nafuu mbili, kisha ya tatu anadidimia. Alianza kula. Alizungumza wiki nzima, kisha akanyamaza siku nne, nasi tukarudi kulinda mlango. Alikuwa bado njiani, hajafika popote, mtoto alipoamua kuja. Ilikuwa asubuhi, wiki tano kabla ya wakati, chupa ya uzazi ikapasukia kwenye kiti kile kile chenye mto. Bwana Wanga alituendesha mwenyewe kwenye gari la kusambazia nguo, Kasuku amelala juu ya mashati ya ofisini, na mzee yule alipiga honi njia nzima, shingo imekakamaa, akirudia, "Msiogope, msiogope," kwa sauti ya mtu anayekufa kwa woga.

Alizaliwa msichana, kilo moja na robo tatu, akilia kwa sauti nyembamba. Yu hai. Nilimwona anahema kwa mbavu zote, nikaomba dua ambazo nilidhani nimezisahau.

Shangazi alifika wodini akiwa na kikapu na hukumu. "Si niliwaambia?" alinong'ona, kwa mnong'ono wa kusikika vitanda sita. "Machozi yake ndiyo yaliyomtoa mtoto kabla ya siku zake."

Nesi wa kalamu tatu alikuwa amepita kumjulia hali Kasuku. "Mama," alimwambia shangazi, "huzuni ya muda mrefu inaweza kuwa na mkono wake mtoto akiwahi kuzaliwa, ni kweli. Kutokula nako kuna mkono wake. Kusimama saa kumi, vilevile. Kufiwa na kukatazwa kulia, pia. Na mara nyingine mtoto huwahi na hatujui kwa nini. Sasa ukitafuta wa kumlaumu, anza na mimi niliyegonga muhuri, mgonjwa mwache apumzike." Shangazi akakumbuka kwamba ameacha kitu jikoni.

Watoto wadogo namna ile hufungwa kwenye kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, mchana kutwa, wapate joto. Kasuku alifanya kama alivyoagizwa. Alifanya kama alivyopiga pasi katika ile miezi ya kimya: sawasawa, bila kosa, bila yeye mwenyewe kuwemo. Mshauri alipokuja alimwambia waziwazi, mbele yangu. "Nambeba. Namnyonyesha. Sisikii kitu." Nilikuwa na jibu kwenye ncha ya ulimi, kwamba mbona mtoto mzuri, mbona utampenda tu. Nikaliuma. Mshauri akamwambia kwamba hutokea, si ubaya wake, na kwamba ambebe vivyo hivyo; kwa wengine hisia huchelewa njiani.

Kila mchana nilitoka dobi na chakula. Nikinawa mikono na kukaa tu, Kasuku alifungua kanga haraka, akanipa mtoto kabla sijamwomba, kisha akala akiwa ameugeukia ukuta. Siku ya kwanza hivyo, ya pili hivyo, mpaka ya nane. Nami nasema wazi: niliogopa. Nilikuwa nimeahidi kumchukua mtoto huyu, na kila aliponikabidhi niliona mtu anayejizoeza kuondoka. Nilimweleza mshauri, nikamweleza nesi, wakaongeza macho. Niliendelea kuogopa.

Siku ya tisa nilikuja na wali na mchuzi, nikanawa, nikakaa, nikanyoosha mikono. Hakufungua kanga.

"Lete huyo, ule," nikasema.

"Hapana."

"Chakula kitapoa."

"Kipoe." Alikuwa anatazama utosi wa mtoto, ulivyokuwa ukipanda na kushuka kwa pumzi. "Asubuhi bado ni ngumu, wifi," alisema. "Bado naogopa. Yale mawazo bado yanakuja, sitakudanganya." Akaishika kanga kwa mikono yote miwili. "Ila nataka nimwone akiota meno."

Majibu nilikuwa nayo saba. Sikutoa hata moja. Nilivuta kiti, nikachukua kijiko, nikamlisha, yeye amemshika mtoto, na alikula sahani yote.